Kwa Tantine, Aliyejua Kupoza Tanuru

Mpendwa Tantine,

Juma lililopita nilitetea tasnifu yangu ya udaktari hapa Butembo. Salle, ukumbi wa chuo, ilijaa mpaka waliochelewa wakasimama kwenye baraza na kuchungulia madirishani. Mama alikuja kutoka Beni, akakaa mstari wa mbele na kikwembe kipya, mikono magotini kama mtu aliye kanisani. Nilizungumza saa nzima juu ya joto na gesi. Nilipomaliza, profesa mmoja aliniuliza swali ambalo jibu lake halikuwa katika kitabu chochote nilichokitaja, nami nikamjibu kwa kukutaja wewe. Tangu siku hiyo nataka kukuandikia. Kuna mambo mawili matatu ambayo hatukuyasema tulipokuwa pamoja, na moja kati ya hayo ningepaswa kulisema nikiwa na miaka kumi na mitatu.

Unakumbuka nilivyofika kwako. Baba, kaka yako, alikuwa ameuawa kijijini kwetu kando ya Beni, na Mama alikuwa amekimbilia mjini na wadogo zangu wawili. Alipata kazi ya kukausha kakao kwenye depo ya mfanyabiashara mmoja, lakini chumba walichopewa hakikutosha watu wanne. Akanipandisha kwenye camion iliyobeba mbao, akamwambia dereva anishushe Butembo kwa dada ya marehemu, yule mjane anayechoma matofali. Nilikuwa na miaka kumi. Nilizoea joto la Beni, na baridi ya Butembo ilinikuta na kanzu moja nyembamba.

Hukunikumbatia. Uliniangalia viatu, ukaniuliza:

“Uko na njaa?”

Nikasema hapana.

“Mutu anatoka Beni na camion, halafu hana njaa? Kula, mutoto.”

Ukaniwekea sahani ya ugali na sombe, ukarudi kwenye kazi yako bondeni. Nilikula peke yangu nikilia, na nilipomaliza nikateremka kukutafuta kwa sababu sikutaka kubaki nyumbani na ukimya. Ndivyo nilivyoliona tanuru kwa mara ya kwanza. Lilikuwa refu kuliko nyumba yetu ya kijijini, limepakwa matope pande zote, na chini yake matundu manne ya kutilia kuni, ambayo wewe uliyaita midomo. Moshi mweupe, mzito, ulikuwa unapanda juu yake. Nilikuambia moshi ni mwingi.

“Ile haiko moshi,” ulisema. “Ni mayi. Tofali ingali inalia. Ukiongeza kuni sasa, mayi itatafuta njia kwa nguvu, na itaipasula.”

Ulikuwa na desturi ya kueleza jambo mara moja tu. Lakini ulieleza. Wanawake wengine wa bondeni walibeba matofali kichwani na kulipwa kwa safari. Wewe ulikuwa mwenye moto, peke yako kati ya wanaume, tangu mume wako alipofariki na kukuachia kazi nusu. Uliweka kiganja karibu na ukuta wa matope, ukafumba macho, ukajua ndani kukoje. Ulinionyesha rangi ya ndani ya mdomo: nyekundu ya damu, nyekundu ya pilipili, kisha ile ya machungwa ambayo mtu haiangalii kwa muda mrefu. Ulinionyesha kwamba upepo wa bonde hupoza upande mmoja, na kwa hiyo upande ule unahitaji kuni za mikaratusi zilizokauka zaidi. Sikujua kwamba mambo hayo yana vitabu. Nilifikiri ni siri ya nyumba yetu.

Sasa nikuambie lile la miaka kumi na mitatu.

Kapela ya mtaa wetu ilikuwa inajengwa, na watu wa shirika, jumuiya ya kanisa ya mtaa, walikuomba matofali. Mzee Paluku, msimamizi wa kapela, alikuja mwenyewe kuchagua udongo. Tulifyatua mwezi mzima. Tulichoma siku nne, kisha ukaziba midomo yote kwa tofali na matope, ukasema tusiiguse kwa juma zima. Siku ya tatu ukaenda Vuhovi kwenye msiba wa jirani, ukaniachia nyumba na tanuru.

Ijumaa asubuhi mtu wa pikipiki akaleta ujumbe wa Mama: anakuja Jumamosi, nimngoje kwenye barabara kubwa. Sikuwa nimemwona kwa miaka mitatu, Tantine. Nilijua kwamba ukirudi utanipa kazi ya kupanga matofali mara tu tanuru litakapopoa, na nilijua kwamba halitapoa kabla ya siku mbili tatu. Akili yangu ya kitoto ikapanga hivi: nikifungua midomo miwili, upepo utaingia, tanuru litapoa upesi, kazi itaisha, nami nitakuwa huru kukaa na Mama siku zote atakazokuwa hapa. Nilichukua jembe, nikabomoa matope ya midomo miwili ya upande wa bonde. Upepo uliingia kwa sauti kama mtu anayevuta pumzi. Nikafurahi. Kisha nikasikia ndani mlio mdogo, tik, na mwingine, na mwingine, kama mahindi yanayokaangwa. Nilisimama pale nikisikiliza na nikajua kwamba nimefanya jambo baya. Nikarudisha matope haraka haraka.

Jumamosi nilikaa barabarani tangu asubuhi mpaka jua likaegemea. Mama hakuja. Barabara ya Beni ilikuwa imefungwa juma lile, na sisi hatukuwa na habari. Alikuja baada ya majuma mawili, na wakati ule tulikuwa tayari kwenye matope tena, wewe na mimi.

Kwa maana ulipofungua tanuru, mistari yote ya upande wa bonde ilikuwa imepasuka. Uliokota tofali moja, ukaligonga kwa kidole, likatoa sauti ya chungu kibovu. Mzee Paluku alikuwepo na watu wawili wa shirika. Niliona anafungua mdomo kuuliza. Ukanigeukia:

“Enda chota mayi.”

Ndoo zote zilikuwa zimejaa. Nilikwenda hivyo hivyo. Niliporudi walikuwa wameondoka, nawe ulikuwa umeshaanza kulainisha udongo mpya kwa miguu. Tulifyatua upya matofali yale yote, majuma matatu, mvua ikikaribia. Vidole vyako vilichubuka, ukavifunga vitambaa. Nilifanya kazi pembeni yako kila siku nikitoka shule, na kila siku nilijiambia: leo nitasema. Sikusema. Siku moja tu, bila kuniangalia, ulisema:

“Batu bote banajua kuwasha. Kupoza njo kazi. Tofali haipasuke pahali moto iko mingi. Inapasuka fasi moto na baridi binapigana.”

Nilidhani unajisemea tu.

Miaka ikapita. Ulinisimamia mpaka nikamaliza sekondari katika hesabu na fizikia, na mara mbili ulimfuata préfet, mkuu wa shule, kumwambia kwamba msichana anayeweza kusoma moto anaweza kusoma kitu chochote. Nikaingia chuo kikuu hapahapa. Na nilipofika kwenye udaktari, profesa wangu akanipa kazi ambayo nilijaribu kukueleza jikoni kwako mara nyingi, nawe ukaniambia nianze tena kwa maneno ya watu.

Nianze tena basi. Kuna kifaa ambacho kwa Kifaransa tunakiita pile à combustible. Ile ninayoisoma mimi ni ya joto kali, joto la kukifanya chuma kiwe chekundu. Ni udongo uliochomwa, umefanywa mwembamba kama ganda la yai. Upande mmoja inapita hewa, upande mwingine inapita gesi, hata ile inayotolewa kwenye mavi ya ng'ombe na maganda ya kakao. Gesi haiwaki miali. Hewa inapenya ule udongo kidogo kidogo, inakutana na gesi, na umeme unatoka, pamoja na mvuke na joto. Kazi yangu haikuwa kuitengeneza, kwa maana Butembo hatuna mitambo hiyo. Maabara moja ya ng'ambo ndiyo iliyokuwa inaitengeneza. Mimi kazi yangu ilikuwa kuiandika kwa hesabu: joto linapita wapi, gesi inapenya wapi, mvuke unatokea wapi, kila mahali na kila wakati. Niliikata pile ile ndani ya ordinateur, kompyuta yangu, vipande vidogo vidogo, na kwa kila kipande nikaandika kinachoingia, kinachotoka na kinachobaki. Wao wangeiwasha kwa kufuata hesabu zangu.

Siku moja ulikuja bureau, ofisini kwangu, kuniletea ndizi, ukaona picha kwenye ordinateur. Ilikuwa nzuri, bluu upande wa kushoto ikigeuka kijani, njano, mpaka nyekundu upande wa kulia.

“Hii nyekundu njo moto?”

“Ndiyo, Tantine.”

“Na huku bluu?”

“Gesi inaingilia huko. Joto ni kidogo, kisha linapanda polepole mpaka mwisho.”

Ukaisogelea, ukaitazama kwa muda.

“Moto gani iko na adabu hivi?” ukaniuliza.

Wenzangu wa bureau walicheka, nami nikacheka nao. Ulicheka pia. Ukaacha ndizi, ukaenda. Laiti ningekuambia uketi.

Ulifariki msimu wa mvua wa mwaka juzi, nami nilikuwa Beni kwa Mama. Shemeji yako, ndugu wa mume wako, alipopiga simu nilipanda pikipiki saa ileile, na dereva akaenda chini ya mvua bila kuuliza mambo mengi. Nilikuta wamekwisha kukuvalisha. Hilo nililibeba kwa muda mrefu, kwamba uliondoka wakati mimi niko mbali na lile neno halijasemwa.

Siku ya tatu ya matanga Mzee Paluku alikuja kuketi nami. Amezeeka sana, anatembea na fimbo. Alisema anataka kunipa pole, kisha akaniuliza:

“Ulikuwa unajua kama Tantine yako alijua?”

“Alijua nini, Mzee?”

“Ile mambo ya tanuru ya kapela. Nilimuuliza, nani alifungua midomo ya tanuru? Akaniambia: ‘Mzee, moto ni yangu. Kama tofali imepasuka, utaje jina yangu.’ Nikamwambia: ‘Lakini batu banasema mutoto njo alibaki na tanuru, halafu alishinda kwa barabara.’ Akanijibu: ‘Njo vile. Alikuwa anangojea mama yake. Utamupa malipizi juu ya kungojea mama yake?’ Niliondoka.”

Nilitoka nje, nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia kuliko nilivyolia siku ya mazishi. Kwa miaka yote ile nilijiona mjanja aliyeficha kosa. Kumbe lilikuwa limefichwa na wewe. Ulilichukua mbele ya watu wa shirika, ambao baada ya hapo walisema kwa miezi kwamba mwanamke hawezi kazi ya tanuru. Mimi nilisikia wakisema hivyo, Tantine. Nilisikia kwenye kisima na kwenye mlango wa kanisa, na sikuelewa kwamba yale ni maneno yangu ambayo wewe unayabeba.

Haikupita hata miezi miwili, maabara ya ng'ambo ikatuandikia. Pile ilikuwa imepasuka. Walikuwa wameiwasha kwa kufuata hesabu zangu, na siku ya pili ikapasuka katikati ya kazi. Mkuu wa maabara alikuwa mtu wa adabu. Alituandikia kwamba nisiwe na wasiwasi, hesabu ziko sawa, kosa ni la fundi wao anayeitwa Anselm, ambaye bila shaka aliikaza mno alipoifunga. Aliongeza kwamba Anselm amefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na sasa pengine umri umeanza kumsumbua, watamtafutia kazi nyingine.

Profesa wangu alifurahi. Alisema tuendelee, nitatetea kabla ya mwaka kuisha.

Nilifungua picha waliyotuma. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, na haukuanzia upande mwekundu, pale joto lilipokuwa kali. Haukuanzia kwenye vifungo vya Anselm pia. Ulianzia kushoto, kwenye bluu, mahali gesi inapoingilia. Niliitazama picha ile, na sauti yako ikaja bila kuitwa: fasi moto na baridi binapigana.

Nilikaa na hesabu zangu siku tisa. Nikaliona. Gesi ile, ikiingia pamoja na mvuke, inabadilika kwanza ndipo izae umeme, na katika kubadilika huko inakunywa joto, kama jasho linavyopoza ngozi. Mimi niliandika kwamba inabadilika taratibu, njiani kote, kwa sababu hesabu ya namna hiyo ni rahisi na picha yake inapendeza. Kumbe inabadilika karibu yote pale mlangoni, kwa pupa. Mlango unapoa ghafla, wakati kipande cha jirani kinaungua. Udongo mwembamba kama ganda la yai ungestahimilije? Anselm aliifunga vizuri kabisa. Mimi ndiye niliyefungua mdomo kwa upepo, kwa mara ya pili katika maisha yangu.

Nilimwambia profesa. Akasema mambo ya kweli: kwamba hakuna atakayejua, kwamba nitaandika upya sura mbili, kwamba maabara inaweza kuacha kufanya kazi nasi, na kwamba kwa mtu wa Butembo mlango ukifungwa haufunguliwi upesi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ananionea huruma. Nikamwambia:

“Professeur, kuna mtu anayechukua kosa langu. Nimeshamfanyia mtu mmoja hivyo.”

Akaniangalia. Sijui alielewa nini. Akasema, “Basi andika.”

Niliandika barua fupi kwa mkuu wa maabara, nikatuma nakala kwa Anselm mwenyewe. Nilisema: kosa ni langu, liko hapa, na hivi ndivyo lilivyoivunja pile. Siku tatu hakuna jibu. Siku ya nne akajibu Anselm, mistari miwili: “Asante. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba mikono yangu imezeeka.”

Ilinichukua mwaka kuandika upya. Safari hii picha haikuwa na adabu. Ilikuwa na kidonda cha bluu mlangoni, na pembeni yake nyekundu. Tukapendekeza sehemu ya gesi ibadilishwe kabla ya kuingia, hewa ya moto ipitishwe kutokea upande wa pili ili iupashe mlango, na siku ya kuizima ipozwe taratibu, kwa saa nyingi kuliko walizozoea. Anselm ndiye aliyeifunga pile ya pili. Ilifanya kazi muda wote waliopanga. Walipoizima na kuifungua, aliipiga picha kwenye kiganja chake, nzima. Maabara haikutuacha. Wameomba tuendelee nao.

Ndiyo maana, juma lililopita, profesa yule aliponiuliza nilijuaje kwamba ufa unatafutwa upande wa baridi, nilimjibu kwamba shangazi yangu alikuwa akichoma matofali bondeni, na kwamba yeye aliliona kosa langu kwenye picha kabla ya mtu mwingine yeyote, nami nikacheka. Nilisema na jina lako lote, la ubatizo na la ukoo. Katibu akaniomba nilirudie ili aliandike vizuri.

Jumapili Mama aliomba twende Vuhovi, ulikolala. Watu wa nyumbani wamepanda maharage kuzunguka pale, na yametoa maua. Mama alichuchumaa, akang'oa majani mawili matatu, akazungumza nawe kwa Kinande kama mlivyozungumza zamani kwenye simu. Alisema: mimi nilimzaa huyu, wewe ndiye uliyempika. Kisha akasema wasingya, asante ya Kinande, mara moja tu, akainuka akipangusa magoti.

Mimi nilisimama nyuma yake. Nilikuwa nimezungumza saa nzima mbele ya maprofesa, na pale ulimi ukanikatalia hata salamu. Tulirudi kwa pikipiki moja, Mama katikati, mvua ikitufuata kwa nyuma. Ndipo nikaona kwamba itabidi niandike, kwa kuwa karatasi inanivumilia.

Ni asubuhi sasa. Mama anachemsha maji ya chai, na leo naanza kufundisha, somo la kwanza, wanafunzi wa mwaka wa pili. Sijui nitaanzaje. Nafikiri nitawaeleza mara moja tu, lakini nitawaeleza.

Asanti, Tantine. Asanti kwa kunituma maji wakati ndoo zilikuwa zimejaa.

Pumzika vizuri. Mimi nakwenda kazini.

Mutoto wa kaka yako, ambaye ulimlea kama wa kwako